Kondomu kwa anayeanza: kuichagua, kuivaa na kuivua bila kubahatisha

Kondomu ya kiume ikitumiwa kila mara na kwa usahihi, kati ya wanawake 100 wanaoitegemea kuzuia mimba kwa mwaka mzima ni 2 tu watakaoshika mimba. Lakini ukihesabu watu kama walivyo, yaani pamoja na wanaoivaa shughuli ikiwa imeshaanza, wanaoivua kabla ya mwisho na wanaoiacha siku mojamoja, idadi hiyo inapanda hadi 13. Mpira ni uleule. Kinachotofautiana ni mikono inayoutumia, na ndiyo maana mwongozo huu utashughulika na mikono kuliko kitu kingine chochote.

Mpira wenyewe usikutie wasiwasi. Kondomu hupitishwa kwenye kipimo cha umeme kinachotafuta vitundu kabla ya kufungwa. Kisha kutoka kila toleo huchukuliwa sampuli: nyingine hujazwa maji mililita 300 ili kuona kama zinavuja, nyingine hupulizwa hewa mpaka zipasuke. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4074 kinataka hata zile zenye upana mdogo ziwe zimemeza hewa isiyopungua lita 16 kabla ya kupasuka. Kwa hiyo mtu akikwambia kondomu hazimtoshi kwa sababu ya ukubwa wake, ama alichukua saizi isiyo yake, ama hataki kuvaa. Na lile la kwamba VVU hupenya kwenye mpira si kweli. VVU huenezwa na majimaji ya mwili, na lateksi isiyo na tundu haiyapitishi, wala haipitishi virusi vilivyomo.

Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa wazi tangu mwanzo. Kwa VVU, kisonono na klamidia, kondomu ni kinga kubwa. Kwa malengelenge ya sehemu za siri, kaswende na HPV, yaani virusi vinavyoleta masundosundo na saratani ya shingo ya kizazi, kinga ipo lakini ni pungufu, kwa sababu maradhi hayo huambukizwa pia ngozi inapogusana na ngozi, na kondomu haifuniki ngozi yote ya eneo hilo. Ndiyo maana mtu anayevaa kondomu bado anahitaji kupima magonjwa ya zinaa, na chanjo ya HPV bado ina faida kwake.

Aina za mpira

Kondomu nyingi ni za lateksi, inayotokana na utomvu wa mti wa mpira. Inavutika sana na ndiyo iliyochunguzwa kwa miaka mingi zaidi. Anza nayo, isipokuwa kama una mzio. Dalili za mzio ni kuwashwa, kuvimba au kutoka vipele kila unapoitumia, na wengine huwa wameshajigundua kwa sababu glavu za mpira au maputo huwafanya hivyohivyo. Mwenye mzio ana poliisoprini, ambayo ni laini na inavutika karibu sawa na lateksi lakini haina protini zinazoleta shida hiyo. Ana pia poliuretani, ambayo hupitisha joto la mwili vizuri ila haivutiki sana, hivyo hupasuka au kuteleza kwa urahisi kidogo kuliko lateksi.

Zipo nyingine zinazotengenezwa kwa utumbo wa mwanakondoo. Hizo huzuia mbegu za kiume, lakini vitundu vyake vya asili ni vikubwa vya kutosha kupitisha virusi. Kama magonjwa ni sehemu ya wasiwasi wako, na kwa anayeanza huwa ni sehemu, ziache.

Vinundu, mistari na rangi ni mapambo. Havipunguzi kinga wala haviiongezi. Zenye ladha zimekusudiwa mdomo. Ukizitumia ukeni hakikisha hazina sukari, maana sukari inaweza kuchochea fangasi. Zile zinazodaiwa kuchelewesha huwa na dawa ya ganzi ndani yake, na anayejifunza anahitaji kuhisi anachofanya, kwa hiyo zisubiri. Zilizopakwa nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume, usizichukue kabisa. Dawa hiyo huchubua ngozi laini ya uke na ya njia ya haja kubwa, na ikitumiwa mara kwa mara inaweza kuongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Shirika la Afya Duniani lilishashauri kondomu za aina hiyo zisiendelee kuhimizwa.

Upana kwanza

Watu huulizana kuhusu urefu, kumbe kinachoamua ni upana. Kiwango cha kimataifa kinataka kondomu iwe na urefu usiopungua milimita 160, na ikizidi ulichonacho sehemu iliyobaki hukaa imekunjwa kwenye shina, haimsumbui mtu. Upana ukikosewa, hapo ndipo mambo huharibika.

Tazama pembeni au nyuma ya boksi utafute namba yenye milimita. Namba hiyo ni upana wa kondomu ikiwa imelazwa bapa. Nyembamba huwa karibu milimita 49, za kawaida 52 hadi 54, na pana huanzia 56 kwenda juu. Maneno kama «kubwa» au «ya kukaza» yaliyoandikwa kwa mbele usiyafuate, kwa sababu kila mtengenezaji ana maana yake. Fuata namba.

Sasa pima. Uume ukiwa umesimama kabisa, zungushia uzi katikati ya shina, bila kukaza na bila kulegeza, tia alama pale uzi unapokutana, kisha ulaze kwenye rula. Hicho ndicho kipimo cha mzunguko. Kigawe kwa mbili, halafu punguza milimita tatu hadi tano, kwa kuwa kondomu inatakiwa ishike kidogo. Tuseme mzunguko ni milimita 114. Nusu yake ni 57, ukipunguza unapata 52 hadi 54, na hiyo ni kondomu ya kawaida kabisa. Pima siku mbili tofauti kama una shaka, maana usimamaji haufanani kila siku.

Ukikosea, mwili utakwambia. Iliyobana hugoma kukunjuka, huacha alama nyekundu ya pete kwenye shina, hufanya uume upoteze hisia au ulale, na huvutwa kupita kiasi mpaka ipasuke. Iliyolegea hujikunja mikunjo, hupanda taratibu kuelekea kichwani kadiri mnavyoendelea, na mwishowe hubaki ndani ya mwenzio. Naamini wengi wanaosema «mimi kondomu siziwezi» hawajawahi kuvaa iliyo saizi yao hata mara moja. Chukua pakiti ndogondogo za saizi mbili au tatu zinazokaribiana na kipimo chako, uzijaribu. Na kama kipimo kimesema 49, chukua 49 bila aibu. Namba iko kwenye boksi, na boksi unaliacha nyumbani.

Pakiti na pa kuitunzia

Kila pakiti ina tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Kondomu haziwekewi maisha yanayozidi miaka mitano tangu zilipotengenezwa, na baada ya tarehe hiyo mpira huanza kukauka na kukakamaa. Isiyosomeka tarehe ihesabu kuwa imekwisha.

Kisha ibonyeze pakiti katikati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi mto mdogo wa hewa, na kondomu itateleza huku na huku ndani yake. Ikiwa bapa, haina hewa, au kidole kinaguswa na unyevunyevu, pakiti hiyo imetoboka mahali. Itupe hata kama tarehe bado.

Adui za lateksi ni joto, jua, mafuta na msuguano. Pochi inayokaliwa kila siku ina joto na msuguano kwa pamoja, na kisanduku cha mbele ya gari kinapika. Kondomu moja kwenye pochi kwa usiku mmoja haina neno. Ya miezi mitatu, hapana. Nyumbani ziweke kwenye droo au kabati lenye kivuli, mbali na dirisha. Ukitoka nazo, zitie kwenye kijisanduku kigumu ndani ya begi, ambako funguo hazitazitoboa.

Kilainishi

Kama ningeruhusiwa kumpa anayeanza ushauri mmoja tu nje ya saizi, ungekuwa huu: nunua kilainishi siku ileile unayonunua kondomu. Kondomu nyingi huja na mafuta kidogo ya silikoni juu yake, lakini huwa hayatoshi kwa kila mtu wala kwa muda mrefu. Mpira ukikauka unasuguana, ukisuguana unaumiza na unapata joto, na mwishowe unachanika. Uke mkavu si dalili kwamba mwanamke hampendi mwenzake. Homoni, dawa, kunyonyesha, hofu ya mara ya kwanza, vyote hivyo hukausha.

Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Cha maji husafishika kwa urahisi na huwahi kukauka, kwa hiyo uwe tayari kuongeza. Cha silikoni hudumu zaidi. Vyote viwili ni salama kwa lateksi na kwa poliisoprini. Mate si kilainishi cha kutegemea, yanakauka haraka mno.

Usitumie mafuta. Hapa simaanishi «jitahidi usitumie». Vaselini, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, losheni ya mwili, mafuta ya watoto na siagi huozesha lateksi, na hufanya hivyo kwa kasi ambayo wengi hawaidhanii. Jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 1989 lilionyesha kwamba kondomu ya lateksi iliyoguswa na mafuta ya madini kwa sekunde 60 tu ilipoteza takriban asilimia 90 ya uimara wake. Macho hayaoni kitu, kondomu inaonekana nzima, kisha inapasuka. Kwa hiyo kama mlikuwa mkikandana kwa mafuta, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa pakiti, na futa mafuta yaliyofika sehemu za siri. Dawa nyingi za fangasi za kupaka au kuingiza ukeni nazo zina mafuta ndani yake; soma karatasi ya dawa au muulize mfamasia, na dozi ikiwa inaendelea ahirisheni tendo au tumieni kondomu isiyo ya lateksi. Poliuretani, na nitrili inayotengenezewa kondomu za kike, huvumilia mafuta. Poliisoprini haivumilii, ingawa si lateksi.

Jizoeze ukiwa peke yako

Kuvaa kondomu kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, gizani, moyo ukienda mbio, ni kujitakia matatizo. Tenga kondomu kadhaa za mazoezi. Jifungie chumbani, ivae, tembeza mkono juu yake, ivue, uifunge fundo, uitupe. Rudia siku nyingine. Ukishaona unaiweza, zima taa uifanye kwa kupapasa, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa. Ukiweza jichue nayo mpaka mwisho, ujue hisia yake na ujifunze kuivua ikiwa imeshika shahawa.

Mazoezi haya ndiyo dawa ya kwanza ya tatizo ambalo wanaume wengi hulificha: uume kulala mara tu pakiti inapochanwa. Mara nyingi chanzo ni mambo matatu, saizi ndogo, kuhangaika kwa muda mrefu kutafuta upande, na woga wa kuonekana hujui. Ya kwanza umeshaimaliza kwa uzi na rula, mengine mawili huisha kwa mkono kuzoea. Tone moja dogo la kilainishi ndani ya chuchu ya kondomu, yaani kile kijifuko cha kwenye ncha yake, huongeza hisia pia. Moja tu; ukizidisha kondomu itachomoka.

Mwanamke naye ajizoeze, kwa vidole viwili vilivyounganishwa au kwa chochote chenye umbo linalofaa. Kondomu si kazi ya mwenye uume peke yake, na anayejua kumvalisha mwenzake hamsubiri mtu aamue kama leo itavaliwa au la.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

1. Weka kondomu mbili au tatu, kilainishi na karatasi laini mahali mkono unapofika bila kuinuka. Angalia tarehe na mto wa hewa wakati bado mna utulivu.

2. Sukuma kondomu upande mmoja wa pakiti kwa kidole, kisha chana upande mwingine kwenye ukingo wenye meno. Usitumie meno yako wala mkasi. Kama kucha zako ni ndefu au una pete, itoe kwa ncha za vidole.

3. Tafuta upande kabla ya kuigusisha popote. Puliza kidogo kwenye chuchu, au isukume kwa kidole ichomoze. Ikiwa sawa itaonekana kama kofia yenye ukingo uliokunjwa kwa nje.

4. Vaa uume ukiwa umesimama, na kabla haujagusa uke, njia ya haja kubwa au mdomo. «Tuanze kwanza, tutavaa baadaye» ni kosa kubwa kuliko yote, kwani majimaji yanayotangulia kabla ya kumwaga hubeba VVU na vijidudu vingine, na wakati mwingine mbegu. Ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma kwanza.

5. Bana chuchu kwa vidole viwili ili hewa itoke, iweke juu ya kichwa cha uume, na mkono wa pili uikunjue taratibu hadi kwenye shina, usiachie chuchu mpaka umefika chini. Hapo ndipo shahawa zitakapokaa. Hewa ikibaki humo hujenga puto dogo, na puto hilo ndilo hupasuka. Kwa mwenye govi, kondomu ikishafika katikati, lisukume govi mbele pamoja na kondomu, halafu umalizie kuikunjua, ili ngozi ipate kutembea chini ya mpira bila kuuvuta.

6. Ikigoma kukunjuka, umeiweka kinyume. Usiigeuze. Upande wake wa nje sasa umegusa majimaji yako, na ukiigeuza utayapeleka moja kwa moja kwa mwenzio. Itupe, chukua nyingine. Hii ndiyo sababu ya kuweka mbili au tatu.

7. Paka kilainishi kwa nje, kwa ukarimu.

8. Mkiendelea, pitisha vidole kwenye shina mara mojamoja kuhisi kama ukingo wa kondomu bado uko chini, hasa mnapobadili mkao au baada ya muda mrefu. Ukihisi ukavu simama uongeze kilainishi. Ukihisi joto au ulaini uliozidi ghafla, toka uangalie.

9. Ukishamwaga, usilale hapohapo. Toka uume ukiwa bado mgumu, na unapotoka shika ukingo wa kondomu kwenye shina kwa vidole. Uume unapolegea kondomu nayo hulegea, na yote uliyoyafanya kwa uangalifu tangu hatua ya kwanza yanaweza kumwagika kwa kuchelewa dakika moja.

10. Geuka pembeni, mbali na mwili wa mwenzio, ndipo uivue. Itazame kama ni nzima, ifunge fundo, ifungie kwenye karatasi na uitupe kwenye pipa la taka. Usiitupe chooni, huziba mabomba. Nawa kabla ya kumgusa tena.

Raundi ya pili ni kondomu nyingine. Hakuna kuosha, hakuna kugeuza. Mkitoka njia ya haja kubwa kwenda ukeni pia ni kondomu nyingine, la sivyo bakteria wanahamishiwa ukeni na kwenye njia ya mkojo. Na usivae mbili kwa pamoja ukidhani unaongeza ulinzi, maana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na kuchanika.

Kondomu ya kike

Nasikitika kwamba hii hutajwa mwishoni mwa kila mafunzo, hata hapa, wakati ndiyo pekee ambayo mwanamke anaweza kuivaa kabla mwenzake hajafika. Ni mfuko mpana wa nitrili, au wa lateksi kwa baadhi ya aina, wenye pete mbili: ndogo iliyo huru ndani na kubwa iliyoshikana na mdomo wake. Aina ya nitrili inaweza kuingizwa hadi saa nane kabla ya tendo, haitegemei uume uwe umesimama, na inakubali vilainishi vya mafuta. Kinga yake dhidi ya mimba ni ya chini kidogo kuliko ya kondomu ya kiume: wanaoshika mimba ni 5 kwa wanawake 100 kwa mwaka ikitumiwa kwa usahihi, 21 katika matumizi ya kawaida.

Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya kiti, au lala chali. Bana pete ya ndani iwe ndefu na nyembamba, iingize ukeni kama unavyoingiza tamponi, kisha kwa kidole kilichopitishwa ndani ya kondomu isukume mpaka ipite mfupa wa kinena. Haiwezi kupotelea ndani. Shingo ya kizazi ndiyo mwisho wa njia. Pete kubwa hubaki nje ikifunika mashavu ya uke, nayo itakuwa imening'inia kama sentimita mbili au tatu, ndivyo inavyotakiwa. Mwenzio anapoingia, mwelekeze kwa mkono. Uume ukipita pembeni, kati ya kondomu na ukuta wa uke, hakuna kinga. Baada ya tendo, kabla hujasimama, sokota pete ya nje mara mbili ili kufunga mdomo, uivute taratibu na uitupe. Haitumiki pamoja na ya kiume.

Jaribio la kwanza huwa linateleza mikononi na kukukatisha tamaa. La tatu si hivyo tena.

Mdomo na njia ya haja kubwa

Kwa mdomo, kondomu ya kawaida isiyo na kilainishi au yenye ladha inatosha. Kwa kulamba uke au njia ya haja kubwa, chukua kondomu isiyo na kilainishi, kata chuchu na ule ukingo wa chini, kisha ichane kwa urefu upate kipande bapa cha kufunika.

Kwa njia ya haja kubwa kilainishi ni lazima, kwa sababu huko mwili hautoi chake na ngozi ni nyembamba, huchanika upesi. Kondomu ya kawaida inafaa, si lazima iwe nene. Paka kwa wingi, nenda polepole, ongeza tena.

Kulisema

Ongea kabla ya nguo kutoka. Maneno mafupi yanatosha: «Ninazo kondomu, tutatumia.» Si lazima useme «unaonaje kama», maana hapo umefungua mjadala ambao hukuutaka. Akisema humwamini, mwambie unajali afya yenu wote wawili, na kwamba mtu anaweza kuwa na klamidia au VVU bila dalili hata moja, wewe ukiwemo. Akisema haisikii raha, mna saizi na kilainishi vya kujaribu. Akiendelea kukataa, tendo halifanyiki. Na anayekubali kuvaa kisha akaivua kimyakimya katikati amevunja ridhaa aliyopewa. Huo ni ukatili wa kingono, na katika nchi kadhaa ni kosa la jinai. Huna wajibu wa kumwelewa.

Wanaotaka kuacha kondomu kwa sababu wamekuwa wapenzi wa kudumu waende wote wawili kupima VVU na magonjwa mengine ya zinaa kwanza, wapate majibu, na wawe wamechagua njia nyingine ya kuzuia mimba kama hawataki mtoto kwa sasa.

Ikipasuka au ikibaki ndani

Simameni mara moja. Kama imebaki ukeni, mwanamke achuchumae na kuitafuta kwa vidole viwili safi, haijaenda mbali. Oga kwa nje tu kwa maji. Usijisafishe ndani ya uke kwa maji wala sabuni: haizuii mimba, na inachubua ngozi unayotaka ibaki nzima.

Kisha tazama saa, kwa sababu sasa muda ndio unaohesabika. Kwa mimba, vidonge vya dharura vya levonojestreli vimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Vidonge vya uliprista vinafika hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano ndicho chenye uhakika kuliko vyote, na hubaki kikikukinga kwa miaka.

Kwa VVU, kama hali ya mwenzio haijulikani au anajulikana kuwa navyo na bado virusi vyake havijadhibitiwa na dawa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uombe dawa za PEP, yaani dawa za kuzuia VVU visishike mwilini baada ya mtu kuwa hatarini. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ni bora kuliko za mwisho. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Usingoje asubuhi ya Jumatatu. Mweleze mhudumu kilichotokea kwa lugha ya kawaida, kondomu ilipasuka saa ngapi na katika tendo gani, hayo yanamtosha kuamua. Mwombe akupime pia magonjwa mengine ya zinaa, na mwambie kama umeshachanjwa homa ya ini B.

Kipimo cha mimba kinaaminika wiki tatu baada ya tendo. Kipimo cha VVU cha maabara kinachotafuta antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, na kingamwili kwa pamoja hutoa jibu la kutegemewa baada ya siku 45, na kile cha haraka cha kingamwili baada ya siku 90. Aliyemeza PEP apewe ratiba yake na mhudumu aliyemwandikia. Mpaka majibu yatoke, kondomu zinaendelea kuvaliwa kila mara.